Mlevi wa Unguja na meza ya kuazima

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo Zanzibar watu hulijua wote na mchana hakuna anayelijua.

Ukikaa Dar es Salaam hata wiki moja utaijua habari ya supu. Saa 12 asubuhi jirani na kila baa yenye wateja kuna sufuria linachemka: makongoro, utumbo, kichwa cha mbuzi, chapati mbili pembeni, ndimu na pilipili mbuzi. Wanaokula pale hawaoni haya kusema wamefuata nini. Wanazimua. Wachaga wana mtori wao, na ndugu zetu wa Kenya wao husema wanatoa loki. Kwa kifupi hangova, au mning'inio kama vijana wengine wanavyoiita, huko Bara ina jiko lake, ina saa yake na ina lugha yake.

Sasa panda boti, ndani ya saa mbili hivi uko Malindi, Unguja. Tembea kuanzia Darajani mpaka Shangani, pitia vichochoro vyote upendavyo, utafute chakula kinachouzwa kwa jina la mlevi. Hutakipata. Na si kwamba watu hawanywi! Wanakunywa, tena kisiwa hiki kilianza kuijua pombe kabla hakijajulikana kwa jina la Unguja. Lakini mnywaji wa hapa hana dawa yake mwenyewe. Huazima. Asubuhi anakwenda kukaa kwenye meza ya mtu aliyetoka kuswali, au ya mvuvi, au ya mama aliyejifungua, anakula chao, anapata nafuu yake, na hakuna anayemuuliza kitu. Huko kuazima kuna historia, na ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu mwisho wake si mzuri sana.

Tuanze mbali. Kuna kitabu kidogo cha mabaharia, kiliandikwa kwa Kigiriki kama miaka 2,000 iliyopita, huitwa Periplus ya Bahari ya Erythraea. Mwandishi wake hajulikani, lakini anaonekana ni mfanyabiashara wa Misri. Anaeleza pwani yetu, ambayo wao waliiita Azania, na anataja kisiwa cha Menuthias ambacho wataalamu mpaka leo wanabishana kama ni Unguja, Pemba au Mafia. Akifika kwenye bidhaa zinazoletwa huku anataja mikuki, mashoka, visu na vitu vya bilauri. Halafu anaongeza kuwa sehemu nyingine huletwa mvinyo na ngano kwa wingi, si kwa kuuza, bali kuwafurahisha wenyeji ili wawe na urafiki. Kwa hiyo ulevi wa kwanza wa pwani ulioandikwa kitabuni ulikuwa takrima! Siasa za takrima mnazozilaumu leo zina miaka elfu mbili, wadau.

Sitaki kusema watu wa Azania walikuwa wanangoja meli ndipo walewe. Walikuwa na mnazi. Mgema hupanda, hulifunga karara kabla halijachanua, hulikata ncha kwa kisu kikali na kuning'iniza kibuyu, kisha hurudi asubuhi na jioni kuteremsha. Tembo likiteremka ni tamu, hata mtoto angelipenda. Lakini halingoji. Kwa joto letu hili linaanza kuchacha lile lile, saa chache tu limeshakuwa na nguvu, na likilala ni tembo kali, likizidi hapo ni siki. Tembo halihitaji kiwanda wala hamira, linahitaji mtu asiye mvivu wa kupanda. Mombasa huliita mnazi, kwa jina la mti wenyewe. Na wapo waliokwenda mbali zaidi wakalichemsha na kukamata mvuke wake: kamusi za zamani za Kiswahili zina neno zarambo, maana yake pombe kali ya kukeneka kutokana na tembo. Neno limekufa, kazi haijafa. Leo kazi hiyo hufanywa kwa sukari na vitu vingine, na jina ni gongo, au moshi, au piwa, inategemea unamuuliza nani na askari yuko umbali gani.

Neno mvinyo lenyewe tulilipata kwa Wareno, vinho, waliotawala pwani hii tangu mwanzo wa karne ya 16 mpaka walipofukuzwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17. Chupa zao zilikwisha zamani, tukabaki na jina. Ila walituachia pia mimea ya kutoka Marekani: muhogo, na pilipili hii ya kuwasha. Mkumbuke hiyo pilipili, tutairudia.

Mnazi huo huo unaotoa tembo ndio unaotoa dafu. Mti mmoja unampiga mtu usiku na kumpoza asubuhi, sijui mti mwingine duniani wenye tabia hiyo. Na Unguja ina minazi mingi kwa sababu zake. Seyyid Said alipokuwa anaeneza karafuu katika karne ya 19 aliamuru kila mnazi mmoja upandiwe mikarafuu mitatu, na kisiwa kikawa kinaelekea kuwa msitu wa karafuu. Aprili 1872 kikaja kimbunga. Kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikaponea kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu zikawa za Pemba hasa na Unguja ikaegemea zaidi minazi. Kwa hiyo mtu anayesimama leo mbele ya gari la madafu akikatiwa la pili na la tatu bila kusema neno, ana deni kwa kimbunga.

Dafu ndilo la kwanza katika vitu vya kuazimwa, kwa sababu hakuna kinywaji cha heshima kuliko hicho. Mgeni wa shamba hukatiwa dafu. Mgonjwa hupelekewa dafu. Hata mtu mwenye macho mekundu akinywa dafu saa 1 asubuhi anaonekana tu ni mtu anayejali afya yake.

Kwa nini lakini ajifiche? Jibu la haraka ni dini, na ni kweli: karibu watu wote wa Zanzibar ni Waislamu, na kileo ni haramu, kwisha. Ila dini peke yake haielezi kila kitu, maana dhambi nyingine zinafanywa hapa bila kificho kikubwa hivyo. Serikali nayo ilichangia, na hapa historia inachekesha. Julai 1890 mataifa ya Ulaya na wenzao walitia saini Mkataba wa Brussels, mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa, na ndani yake wakaweka sura nzima juu ya pombe kali. Walichora ukanda katika ramani ya Afrika kuanzia nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za bahari kutoka bara. Unguja iko maili 20 na kitu tu kutoka bara. Ikaingia. Katika ukanda huo mahali ambapo watu hawakuwa na desturi ya kunywa pombe za kukeneka, kwa ajili ya dini au sababu nyingine, ziingizwe marufuku. Mwaka huo huo wa 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Marufuku kwa nani? Hapo ndipo penyewe. Mkataba uliacha mlango kwa wasio wenyeji, na sheria za kikoloni Afrika Mashariki nzima zikaja kugawa chupa kwa rangi ya ngozi. Mzungu alikuwa na klabu yake Shangani, ile ya Waingereza iliyoanza 1888, ambayo leo ni hoteli ya Africa House, anakaa barazani na wiski yake anatazama jua likizama. Mwafrika alikuwa na tembo, nalo kwa leseni na macho ya polisi. Tanganyika Mwafrika wa kawaida hakuruhusiwa pombe kali za Kizungu mpaka miaka ya 1950. Kwa hiyo mtu wa Ng'ambo aliyetaka kuonja alichokuwa anakunywa bwana wa Shangani alikuwa na mambo mawili ya kuogopa, Mola wake na askari wa bwana huyo huyo. Kwa maoni yangu ndipo kunywa kimya kimya kulipokomaa kuwa ufundi wa mji. Sheria za rangi ziliondoka, kimya kikabaki.

Basi turudi mezani, maana najua wengine mmefuata chakula.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, alipita pwani hii. Alifika Mogadishu, akalala Mombasa, akaenda Kilwa. Mogadishu walimkirimu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda kula (msimfiche, aliandika mwenyewe) alieleza sinia lote: wali wa samli, juu yake kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na bakuli la maziwa ya mgando likiwa na malimau ya kuchachua, pilipili za siki na chumvi, tangawizi mbichi na embe. Kila tonge la wali wanaonja na kitu kikali au kichachu. Soma tena orodha hiyo taratibu. Uchachu, chumvi, tangawizi, ukali. Ni achari zetu, na ndivyo vitu vile vile ambavyo mtu mwenye hangova mwili wake unamwitia. Watu wale walikuwa wanakula hivyo kwa ajili ya joto na utamu wa wali. Mlevi alikuja kukuta meza imeshaandaliwa miaka mia kadhaa kabla yake. Ila pilipili alizoziona Ibn Battuta hazikuwa hizi nyekundu na mbuzi, hizo nimeshasema zilikuja baadaye na Wareno.

Urojo ndio mtoto wa mambo haya yote. Wageni huuita Zanzibar mix. Mchuzi mzito wa unga wa ngano na manjano, wenye uchachu wa embe mbichi au ndimu, ndani yake viazi vya kuchemsha, bajia, kachori, mishkaki, yai ukitaka, juu chipsi za muhogo, chatne ya nazi na pilipili. Bajia na kachori ni za Wahindi, muhogo na viazi vimetoka Marekani, nazi ni yetu, na hakuna anayeweza kukuambia siku ulipozaliwa. Jioni utaupata Forodhani, bustani iliyotengenezwa 1936 kwa ajili ya jubilei ya fedha ya Sultani Khalifa bin Haroub na kufunguliwa upya 2009 baada ya matengenezo ya Aga Khan. Lakini urojo wa wenyewe uko mitaani, kwenye vibaraza vya nyumba, na wanafunzi ndio wateja wakubwa. Hapo mwenye hangova yake anakaa katikati ya watoto wa skuli, jasho linamtoka, na kila mtu anadhani ni pilipili.

Supu ya pweza naitaja tu nipite, maana sifa yake mjini ni nyingine kabisa na wakubwa wanaijua. Uji wa pilipili manga ni mzuri zaidi kwa mada yetu. Huo hupikiwa mzazi, mama aliyetoka kujifungua, kumtia joto na nguvu, na mwezi wa Ramadhani watu hufuturia. Ni mwepisi, una sukari na ukali wa kupasha tumbo. Na tumbo lililolala na kileo haliwezi nyama, linaweza uji. Mke akimpikia mumewe uji ule siku isiyo ya Ramadhani na hakuna mzazi nyumbani, basi ameshajua na ameamua kunyamaza. Kuna ndoa ngapi kisiwani zinasimama juu ya bakuli hilo!

Halafu kuna kahawa. Hapa mniruhusu nikae kidogo kwa sababu ndipo napapenda.

Alfajiri wazee wakishatoka msikitini hukaa baraza, na muuza kahawa anakuja na dele lake la shaba, mkaa chini, vikombe vidogo visivyo na mkono vinagongana mkononi. Kahawa ni chungu, haina sukari, utamu unatoka kwenye kashata au tende unayotafuna pembeni. Bei ni ndogo kiasi kwamba hakuna aliye maskini mno kukaa. Pale Jaws Corner utakuta siasa, bao, mpira, misiba, vyote kwenye vikombe hivyo. Na saa ile ile ya alfajiri, mtu mwingine anatokea upande wa pili wa mtaa, hakutoka msikitini. Anasalimia, shikamoo wazee, wanamwitikia marahaba, anasogezewa nafasi, anapewa kikombe. Wanajua, naye anajua kwamba wanajua. Kikombe cha tatu kichwa kinaanza kufunguka.

Kinachonifurahisha ni neno lenyewe. Kahawa tumeitoa kwenye Kiarabu, qahwa, na wanazuoni wa lugha ya Kiarabu wa zamani wanaeleza kuwa qahwa kabla ya kuwa jina la kinywaji hiki lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo, kwa kuwa humwondolea mtu hamu ya chakula. Na kahawa ilipofika Makka ilishukiwa: mwaka 1511 liwali wa mji, Khair Beg, aliwakusanya wanazuoni na kuipiga marufuku, akidai inalevya na watu wanakusanyika usiku kwa ajili yake. Marufuku haikudumu. Leo mlevi anakwenda kujisafisha kwa kinywaji kilichorithi jina la ulevi, mbele ya watu wa swala tano. Historia ina utani wake.

Je, vyote hivi vinatibu? Madaktari wanasema hangova ni mchanganyiko wa mambo: kileo kinazuia ile homoni inayobana mkojo kwa hiyo mwili unapoteza maji, sukari ya damu inashuka, tumbo linakereka, usingizi unakuwa wa uongo, na ini linapokivunja kileo linatoa kwanza sumu iitwayo asetaldehaidi. Maumivu huwa makali zaidi pale kileo kinapokaribia kwisha kwenye damu, si kikiwa kingi. Desemba 2005 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio ya Pittler, Verster na Ernst waliotafuta majaribio yote ya kisayansi ya dawa za hangova. Walipata 8 tu yanayofaa, na wakahitimisha kuwa hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba chochote kinaizuia au kuitibu. Dafu na urojo havikuwemo katika majaribio hayo, lakini msianze kushangilia. Dafu linarudisha maji na lina potasiamu nyingi, sodiamu si nyingi, ndiyo maana wanaotia ndimu na chumvi kidogo hawakukosea. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, hilo lina ushahidi. Kahawa inamwamsha mtu. Hakuna hata kimoja kinachoharakisha ini. Ini lina mwendo wake, na anayekula urojo anapitisha muda huku akijisikia vizuri zaidi. Panado nazo zina hatari yake, ini lililochoka na kileo halipendi kuongezewa kazi hiyo.

Kuna dawa moja tu ambayo haiazimiki kwa wasiokunywa, nayo ni kuzimua kwenyewe. Kuzimua ni kutia maji ya baridi kwenye ya moto ili yapungue ukali. Wanywaji wakaligeuza: asubuhi unaongeza kidogo cha kile kile cha jana. Bara mtu atapata bia ya saa 2 asubuhi bila shida. Mtu wa kawaida wa Unguja ataipata wapi? Hotelini ni bei ya mtalii. Na Januari 2024, vibali vya waingizaji wa pombe vilipobadilishwa, bia zikaadimika kisiwani na bei zikapanda sana kwa wiki kadhaa. Vipindi kama hivyo humsukuma mnywaji asiye na fedha kwenye chupa isiyo na lebo, na anainywa peke yake, ndani, mlango umefungwa.

Chupa isiyo na lebo inaweza kuwa na methano. Hiyo ni pombe ya viwandani, ladha yake haitofautiani sana na ile nyingine. Nairobi, Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe yenye methano katika mitaa ya Mukuru, na Mei 2014 Kenya ikazika tena makumi. Ubaya wake ni saa zake. Methano haimpigi mtu pale pale, dalili mara nyingi huchelewa kwa saa 12 mpaka 24, yaani asubuhi yake au mchana, wakati ambao yeye na mkewe wanaamini ni hangova ya kawaida. Kichwa, kutapika, tumbo. Kisha macho yanaona ukungu, kama theluji inaanguka, na pumzi inakwenda mbio. Hangova haifanyi hivyo. Nyumba iliyozoea kunyamaza itampikia uji wa pilipili manga, itafunga madirisha asionekane na majirani, itamwacha alale. Saa zinazopotea hapo ndizo zinazoondoka na macho yake, au na yeye mwenyewe.

Akifikishwa hospitali mapema anaweza kuokolewa. Kuna dawa maalumu, fomepizoli, ni ghali na mahali pengi haipo. Isipokuwepo daktari hutumia pombe ya kawaida, ethano, kwa kipimo na kwa kumwangalia mgonjwa saa zote, kwa sababu ini huishughulikia hiyo kwanza na methano inabaki bila kugeuzwa sumu mpaka itolewe mwilini. Nayo huwezi kuandikiwa mpaka mtu mmoja katika waliokuleta amwambie daktari, kwa sauti, kwamba ulikunywa.